Simu ya Kikundi Ikikwama Kwenye Nembo

Siku hizi vikundi kadhaa hapa Kericho na Bomet vimehamisha daftari la kuweka na kukopa hadi kwenye simu ya mweka hazina. Ni rahisi, mpaka siku ile simu inawashwa, inaonyesha nembo ya kampuni, inazima, kisha nembo tena. Hapo wanachama wanatazamana: nani alikopa ngapi akingojea bonasi ya majani chai?

Tuangalie kilicho ndani. Simu nyingi tulizo nazo ni za Android, na chini ya Android kuna programu ya msingi iitwayo kerneli. Kerneli hiyo ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa huko Helsinki. Ukiwasha simu, programu ndogo huamka kwanza na kuita kerneli. Kerneli nayo huamsha kioo, hifadhi na mtandao. Ikiwa imeharibika, au si ya simu hiyo, kazi inaishia kwenye nembo.

Kosa likigunduliwa, hutolewa kiraka, yaani marekebisho ya programu. Lakini kiraka hakiji kwako moja kwa moja. Hupitia kwa Google, kwa aliyetengeneza chipu, halafu kwa kampuni ya simu, kwa sababu kila aina ya simu ina vyombo vyake. Ndiyo maana kiraka cha simu ya jirani kinaweza kuiua yako, hata kama kwa nje ni pacha. Kampuni nyingine hukawia kutuma, na simu kuukuu huachwa kabisa.

Kiraka kikija, kipokeeni, lakini simu iwe na chaji ya kutosha. Stima yetu mnaijua wakati wa mvua. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, simu nyingine zina nafasi mbili: kiraka kikikataa, simu hurudia ile ya zamani. Si zote.

Ikishakwama, msikimbilie fundi. Ichajini nusu saa, kisha shikilieni kitufe cha kuwasha kwa sekunde thelathini hivi. Bado? Izimeni, mshike kitufe hicho pamoja na cha kuongeza sauti (simu nyingine ni cha kupunguza). Orodha itatokea. Chagueni "Reboot system now". Palipoandikwa "Wipe data/factory reset" msiguse! Hapo kila kitu kinafutwa. Wako mafundi wanaoanzia hapo hapo, maana ni kazi ya dakika chache. Simu zilizotoka na Android 10, mwaka 2019, na za baadaye hufunga kumbukumbu zake kwa siri. Zikifutwa, hakuna fundi wa kuzirudisha. Mwulizeni kwanza: "Utaweka programu ya kampuni bila kufuta?" Na iwe ya modeli ile ile, namba kwa namba.

Pesa za M-Pesa hazimo ndani ya simu. Hamisheni laini, salio mtalikuta. Kinachopotea ni hesabu zenu. Basi kabla ya kufunga mkutano, katibu anakili salio la kila mtu kwenye daftari la karatasi, na wawili waweke sahihi. Vijana watacheka, wacheke.

Ya kujadili kikundini:
Fungueni mipangilio ya simu yenu. Kiraka cha mwisho cha usalama ni cha tarehe gani?
Mweka hazina akipoteza simu leo jioni, nani mwingine ana hesabu?