SUNGURA WAPYA: NI WA MBEGU GANI?



Kikundi kikinunua sungura sokoni, swali la kwanza huwa: "Hawa ni wa mbegu gani?" Muuzaji anasema "New Zealand" na bei inapanda. Wakifika nyumbani tunaona ni mifupa mitupu. Hapo wengine husema, "Tumeuziwa mbegu ndogo," na wanachinja wote. Tusifanye haraka. Sungura aliyekonda huficha mbegu yake. Katika somo hili tutaangalia yale tunayoweza kujua leo, na yale ambayo ni lazima tungoje.

1. TUMPIME KWA MKONO

Pitisha vidole juu ya uti wa mgongo. Ukisikia mifupa imechongoka kama meno ya msumeno, huyo amekonda, na kilo zake za leo hazituambii mbegu.

Angalia umri pia. Sungura mchanga ana kucha fupi zilizofichwa na manyoya. Za mkubwa hutokeza nje. Mtoto wa New Zealand wa miezi 2 aliyelishwa vizuri hufika karibu kilo 2. Dutch mzima naye ni kama kilo 2. Ukitegemea mizani peke yake, utawachanganya.

2. TUANGALIE ALAMA

- New Zealand mweupe: mweupe mwili wote, macho mekundu, masikio yamesimama. Mzima ana kilo 4 hadi 5. Jina lisitudanganye, mbegu hii ilikuzwa Marekani.
- California: mweupe, lakini pua, masikio, miguu na mkia vyote ni vyeusi. Watoto huzaliwa weupe, weusi huja baadaye. Mahali pa joto huo weusi hufifia.
- Dutch: mdogo, ana mkanda mweupe mabegani na mstari mweupe usoni.
- Chinchilla: wa kijivu. Puliza manyoya yake, utaona rangi zimepangana kwa tabaka.
- Flemish Giant: mifupa minene, masikio marefu yaliyosimama. Mzima hufika kilo 6 na zaidi.
- Lop: masikio yamelala chini.

Lakini rangi si ushahidi kamili. Chotara wawili wa rangi nyingine wanaweza kuzaa mtoto mweupe wa macho mekundu, kwa sababu weupe huo hujificha ndani ya wazazi. Kama hatujui wazazi wake, tumwite chotara anayefanana na New Zealand. Tukimuuza kama mbegu safi tutamdanganya jirani, naye hatarudi kununua kwetu.

3. TUWALISHE KWANZA

a) Watenge na sungura wa zamani kwa wiki 2 hadi 4.

b) Angalia meno kama yamerefuka kupita kiasi, na masikio kama yana upele. Akiwa anahara na tumbo limefura, huenda ni koksidia. Muone daktari wa mifugo mapema.

c) Uliza muuzaji alikuwa anawalisha nini. Anza na hicho, kisha ubadilishe pole pole kwa muda wa wiki moja au zaidi. Ukibadilisha ghafla watahara. Nyasi kavu na maji safi yawepo kila siku. Majani ya viazi vitamu yaliyonyauka ni mazuri. Usiwape chakula chenye ukungu, wala majani ya nyanya au ya viazi vya kizungu.

d) Wapime kila wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula. Andika kwenye daftari.

e) Jike aliyekonda asipandishwe. Ataumia, na watoto watakosa maziwa.

Baada ya miezi 2, daftari litatuambia ukweli. Aliyekuwa mchanga atakuwa bado anaongezeka. Mkubwa aliyenona mgongo wake ukajaa, na bado yuko kilo 2, huyo kweli ni mbegu ndogo. Hata hivyo si hasara. Analiwa, na hula kidogo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni nani kati yetu ana daftari la wazazi na uzito wa sungura wake?
2. Tukinunua dume la kikundi, tutamuuliza muuzaji maswali gani kabla ya kulipa?
3. Tutatenga wapi sungura wapya ili wasiambukize wa zamani?