Motokaa Inayokaa Mkia Chini

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wengi wa gazeti letu waijua motokaa ya shule, Land Cruiser ndefu ya aina ya 75, ambayo haijatengenezwa tena tangu mwaka 1999. Ni motokaa ya zamani, lakini injini yake ina nguvu bado, na wakati wa kiangazi ndiyo inayotuletea maji: mara mbili kila siku huvuta tela lenye tangi la lita 1000. Usiku mwanafunzi akishikwa na homa kali, ndiyo hiyo hiyo impelekayo hospitali. Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita, wengi waliiona imefungwa tela, kifua juu na mkia chini kama fisi, na baadhi yao wakashauri iuzwe. Wengine walisema isivute tela tena. Maneno hayo yalitutia wasiwasi sisi tunaolala bwenini, maana hatuna mto karibu. Basi Mhariri ameniomba nieleze ugonjwa wa motokaa hiyo ulikuwa nini, nasi wa chama cha Sayansi tuliupimaje. Nitajitahidi kusema kwa maneno mepesi. Mwalimu wa Fizikia atanisamehe nikitaja kilo mahali ambapo yeye angetaka nyutoni.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba kukaa mkia chini si jambo la sura tu. Uzito ukikaa nyuma mno, magurudumu ya mbele huinuliwa kidogo, nayo ndiyo yashikayo njia wakati wa kukata kona, na ndiyo yafanyayo kazi kubwa wakati wa kufunga breki. Dereva wetu alikuwa akisema kwamba usukani umekuwa mwepesi “kama wa baiskeli”. Tena kuna taa. Tuliona ya kuwa tela likifungwa, nyuma hushuka na mbele huinuka hata tofauti ikawa sentimita 6. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 298. Gawanya 6 kwa 298, kisha zidisha kwa meta 50: utapata karibu meta 1. Maana yake, mwanga wa taa uliokuwa ukiangaza barabara sasa, kwa umbali wa meta 50, umepanda meta nzima, nao wampiga machoni dereva anayekuja. Huyo haoni kitu, na sisi hatuoni shimo lililo mbele yetu.

Sasa tuitazame springi yenyewe. Kanuni yake ilipatikana na Mwingereza Robert Hooke. Mtu huyu alikuwa na wivu mkubwa juu ya uvumbuzi wake, hata mwaka 1676 aliitangaza kanuni hiyo kwa herufi zilizochanganywa ili asiibiwe, na maana yake akaifumbua mwaka 1678. Kanuni yasema kwamba kadiri uzito unavyozidi, ndivyo springi inavyojikunja au kunyooka kwa kiasi kile kile. Ukiweka kilo 40 ikashuka sentimita 1, basi kilo 80 zitaishusha sentimita 2. Hivyo kila springi ina namba yake, yaani kilo ngapi zahitajika kuishusha sentimita moja, na ukiijua namba hiyo waweza kuitabiri motokaa kabla hata hujaipakia.

Springi za motokaa yetu ni za mabamba, mbele na nyuma. Kila moja ya nyuma ni mabamba 8 ya chuma cha pua yaliyopinda kama upinde, yamelaliana, yamekazwa katikati kwa sentabolti na kufungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Bamba la juu lina masikio mawili ya kushikia chasisi. Mabamba hayo hugawana kazi, na ugumu wa springi wategemea idadi yake na unene wake.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Springi ikizeeka, husema “imekuwa laini”. Sivyo. Chuma hakipotezi ugumu wake kwa uzee. Kinachopotea ni ule upinde: springi iliyobebeshwa mzigo miaka mingi hulala, haipandi tena mpaka mahali pake pa zamani, lakini kila kilo utakayoongeza huishusha kiasi kile kile kama ilipokuwa mpya. Springi ikiwa laini kweli, kuna jambo jingine, na aghalabu ni bamba lililovunjika. Hivyo magonjwa ni mawili, yenye sura moja kwa mtu atazamaye kwa macho, lakini futi kamba huyatenga.

Tuliisimamisha motokaa tupu juu ya saruji ya uwanja wa netiboli, mahali palipo sawa. Tukapima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma mpaka ukingo wa bodi juu yake. Kushoto ilikuwa sentimita 47, kulia 44. Kisha wanafunzi wanne, ambao jumla ya uzito wao kwa mizani ya zahanati ilikuwa kilo 240, waliketi kwenye benchi za nyuma, wawili kila upande, juu ya ekseli. Kila springi ilipata kilo 120. Ya kushoto ilishuka sentimita 3, ya kulia ilishuka 4. (Atakayejaribu kipimo hiki aitikise motokaa mara kadhaa kabla ya kusoma, kwa sababu mabamba husuguana na huweza kukwama juu kidogo ya mahali pake pa haki.) Jirani mmoja wa shule ana motokaa ya aina hiyo hiyo yenye springi mpya, naye kwa hisani yake alituruhusu tuipime. Ilikuwa sentimita 51 pande zote mbili ikiwa tupu, na chini ya wanafunzi wale wale ilishuka sentimita 3.

Tazama sasa namba hizo zasema nini. Springi yetu ya kushoto yahitaji kilo 40 kwa kila sentimita, sawasawa na springi mpya ya jirani, ila imelala sentimita 4. Huo ni uzee mtupu. Ya kulia yahitaji kilo 30 tu. Ugumu wake umepungua robo, na robo ya mabamba 8 ni mabamba 2. Mwalimu aliandika ubaoni, “Mabamba mawili yamevunjika,” akafuta chaki mikononi. Fundi alipoifungua springi ile siku ya Jumamosi, alikuta bamba la nne na la tano yamekatika kwenye tundu la sentabolti, mahali ambapo yubolti huyafunika yasionekane. Hapo ndipo bamba hupindwa kwa nguvu kuliko pote, na lile tundu limeshapunguza chuma chake. Nakiri kwamba tulipiga kelele za furaha kana kwamba timu yetu imefunga bao, na fundi akatushangaa kufurahia kitu kilichovunjika.

Lakini springi peke yake si habari yote. Tela nalo lilikuwa na hatia yake. Shingo ya tela hukaa juu ya ndoano iliyo sentimita 120 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo motokaa yote huwa kama wenzo, na ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Mzigo wa shingo hubonyeza nyuma na kuinua mbele. Tulitaka kujua shingo hiyo yalala kwa kilo ngapi, lakini mizani ya zahanati hukomea kilo 120. Tukalaza ubao mgumu, mwisho mmoja juu ya tofali, mwisho wa pili juu ya mizani, na shingo ya tela lililojaa maji tukaiegemeza kwenye theluthi ya ubao kutoka upande wa tofali. Mizani, baada ya kuutoa uzito wa ubao wenyewe, ilisoma kilo 70. Zidisha kwa 3: kilo 210.

Tela na maji yake ni kilo 1300 hivi. Madereva wengi hupenda shingo ichukue karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela. Hapa ilikuwa kilo 16 kwa kila 100. Na kwa kanuni ya momenti, kilo 210 mara sentimita 120, ugawanye kwa 298, ni karibu kilo 85 zilizoondolewa ekseli ya mbele na kuhamia nyuma. Hivyo ekseli ya nyuma ilibeba kilo 295, yaani zaidi ya kilo 147 kila springi. Ile ya kulia, yenye namba 30, ilishuka karibu sentimita 5, na nafasi iliyokuwako kabla ya kugonga mpira wa kuzuia ilikuwa sentimita 5 hizo hizo! Kila shimo la barabara lilikuwa likiipiga chasisi moja kwa moja kama nyundo.

Kabla ya kueleza tulivyoponya, nitataja dawa ambazo watu walituletea. Mmoja alisema tufunge shokapu mpya. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza motokaa isirukeruke. Mwingine alishauri vipande vya mbao kati ya ekseli na springi. Kipande huinua bodi, lakini hakiongezi kilo hata moja katika nguvu ya springi, na cha mbao hupasuka kikaiachia ekseli njiani. Hii naiona kuwa hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Wa tatu alitaka mabamba yapashwe moto na kupindwa upya kwa nyundo. Chuma cha springi hupata tabia yake kwa kupashwa moto wa nyuzi kama 850, kutumbukizwa katika mafuta, kisha kupashwa tena kwa nyuzi kama 450. Kikiwekwa kwenye mkaa na kuachwa kipoe chenyewe, hubaki chuma tu, nacho kitalala tena upesi. Kupinda bila moto kwafaa zaidi, lakini mabamba ya miaka mingi yenye kutu huenda yakakatika mwezi ujao.

Yakabaki mashauri mawili. Fundi alitaka tununue springi mpya, kisha tuongeze mabamba 2 kila upande, yawe 10. Sisi tulisema kwanza tangi lisogezwe. Ndoano na ekseli ya tela zimeachana meta 3; ukilirudisha tangi la kilo 1000 nyuma kwa sentimita 20, shingo hupungukiwa na karibu kilo 67, ikabaki na 143. Hapo ekseli ya nyuma ya motokaa huongezewa kilo 200 tu, yaani 100 kila springi. Springi ya mabamba 8 itashuka sentimita 2 na nusu. Ya mabamba 10, ambayo namba yake ni 50, itashuka 2. Ni nusu sentimita ya kugombania! Na kwa ajili ya nusu hiyo, motokaa ikiwa tupu ingekuwa ngumu kama mkokoteni, na mgonjwa wa usiku hapelekwi hospitali na tela la maji nyuma yake. Bwana Mkuu wa Shule aliwauliza dereva na Matroni, kisha akachagua mabamba 8, jozi nzima, kwa kuwa springi mpya upande mmoja na iliyolala upande wa pili huifanya motokaa iende upande.

Mtu asilisogeze tangi kupita kiasi, akidhani kwamba shingo nyepesi ndiyo njema zaidi. Shingo ikikosa uzito, tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki, na mwendo ukiongezeka huweza kuipindua motokaa. Wala tangi lisiende nusu. Maji ya nusu tangi hukimbilia mbele breki zikifungwa na kurudi nyuma motokaa ikiondoka, na hesabu zote nilizoandika huvurugika.

Wazazi wenye motokaa za springi za mviringo, kama Land Rover 110, ambayo tangu ilipotokea mwaka 1983 ina springi hizo, waweza kupima vile vile. Tofauti ni kwamba kuna mifuko ya mpira ya kujaza upepo inayotiwa ndani ya springi hizo ili kusaidia wakati wa kuvuta tela, nao upepo hupunguzwa tela likifunguliwa. Ni kitu chema, mradi springi zenyewe ni nzima. Kisitumiwe kuficha iliyovunjika.

Kazi yenyewe ilichukua siku moja. Motokaa iliwekwa mawe magurudumu ya mbele, ikainuliwa, na chasisi ikakalishwa juu ya stendi. Fundi hakumruhusu mtu yeyote kuingia chini kwa kuamini jeki peke yake. Bolti za masikioni zilikazwa mwisho, baada ya motokaa kusimama kwa magurudumu yake, ili mipira ya bushi isibaki imesokotwa. Tuliipima jioni ile ile: tupu sentimita 51 kushoto na kulia; na tela lililojaa, 48 na nusu. Zamani upande wa kulia ulikuwa 39. Dereva alikwenda kuleta maji kabla ya giza, na tangu siku hiyo namba hizo zimeandikwa kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa banda la motokaa. Yubolti hukazwa tena baada ya kilomita 500, na dereva amekwisha kutuambia kwamba zitatimia Jumanne.