Muziki wa Madukani: Si Lazima Kiingereza Chako Kiwe Ndicho Kibovu

Leo tuzungumzie ule muziki tunaopigiwa bila kuuomba madukani na mikahawani hapa Uingereza.

Wengi wetu tumeshasimama kaunta, mhudumu anauliza kitu, tunamwomba arudie mara 2, mara 3, kisha tunaondoka na aibu tukidhani Kiingereza kimetushinda. Mara nyingi sivyo. Lugha uliyojifunza ukubwani husikika kwa shida zaidi penye kelele kuliko lugha ya mama, hata kama unaizungumza vizuri. Mwenyeji akikosa nusu ya neno hulijazia mwenyewe kichwani. Sisi tunahitaji kulisikia zaidi. Wazee wanaovaa kifaa cha kusikia ndio wanaoteseka kabisa, kwani kifaa hukuza muziki pamoja na maneno.

Na muziki huo ni biashara. Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani, Ronald Milliman, alichapisha utafiti wa supamaketi: ulipopigwa muziki wa polepole wateja walitembea polepole, na mauzo yalizidi yale ya muziki wa haraka kwa asilimia 38 hivi. (Sasa mnajua kwa nini tunarudi nyumbani na biskuti ambazo hatukuziandika!)

Kwa ndugu wanaofanya kazi humo, suala ni zito zaidi. Mteja anakaa nusu saa, wewe saa 8. Kanuni za Kelele Kazini za mwaka 2005 zinasema wastani wa siku ukifika desibeli 80, mwajiri akupe maelezo, na vizibo vya masikio ukiviomba. Ukifika 85, ni lazima avitoe na apunguze kelele yenyewe. Huna kipimo? Ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye mita 2 akusikie, mwambie msimamizi.

Mgahawani, omba meza ya mbali na spika, au waombe wapunguze sauti. Si utovu wa adabu. Marks & Spencer walizima muziki madukani mwao mwaka 2016, na maoni ya wateja yalichangia.

Masikio yakiendelea kulia siku nzima baada ya zamu, usingoje yazoee. Nenda kwa GP wako. Kupimwa usikivu kupitia NHS hakulipiwi.