Siku Moja Mtumbwini Katika Ziwa Nyasa

Mwanafunzi akaaye Tukuyu amezoea kuishi juu. Mji wake uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya baridi, mvua nyingi, migomba na mashamba ya chai. Lakini siku mawingu yanapoondoka, mtu akisimama kilimani na kutazama upande wa kusini, huona mbali chini kitu kinachong'aa kama bati jipya. Hilo ndilo Ziwa Nyasa, ambalo wengine huliita Ziwa Malawi. Uso wa maji yake uko karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Basi mtu ashukaye kutoka Tukuyu mpaka ziwani hushuka zaidi ya mita 1,000, na kabla ya kufika huvua koti lake.

Hata hivyo, ziwa hilo si geni kwetu. Mvua inyeshayo juu ya paa la shule yako hutiririka mpaka kijitoni, na kijito huingia katika mto. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufirio yote huishia Ziwa Nyasa. Kisha maji ya ziwa hutoka kusini kwa mto Shire, yakaingia mto Zambezi, na mwisho yakafika Bahari ya Hindi. Maji yetu yamekwisha kusafiri huko siku zote. Sasa natusafiri sisi, ingawa kwa siku moja tu.

Kwanza fahamu ukubwa wa ziwa lenyewe. Wewe uliyezoea ziwa la Masoko, ambalo ukisimama ukingoni waona ng'ambo yake yote, usidhani kwamba Nyasa ni vivyo hivyo. Urefu wake ni karibu kilometa 560, na kina chake mahali palipo chini zaidi chapata mita 700 hivi. Katika Afrika yote ni Ziwa Tanganyika tu lenye kina kuzidi hilo. Nchi tatu zinapakana nalo, yaani Tanzania, Malawi na Msumbiji. Samaki wake ni wa namna mamia mengi, na wengi wao hawaonekani mahali pengine po pote duniani.

Sasa, watu wengi wakisikia habari ya safari ya chombo ya siku moja, hufikiri visiwa. Huko Unguja wageni hupanda mashua asubuhi pale Fumba, wakapita katika visiwa vidogo vya Ghuba ya Menai, wakala chakula cha mchana juu ya mchanga, na jioni wakarudi. Katika Ziwa Nyasa pia viko visiwa vinavyokaliwa na watu, kama Likoma na Chizumulu. Lakini hivyo viko mbali kusini. Ni vya nchi ya Malawi, ijapokuwa viko karibu zaidi na pwani ya Msumbiji. Katika ncha ya kaskazini, iliyo karibu nasi, hatuna visiwa vya namna hiyo.

Lakini je, kisiwa ni nini? Hujibiwa kwamba ni nchi iliyozungukwa na maji pande zote. Jibu hilo ni sahihi. Walakini katika pwani ya mashariki ya ziwa letu iko milima iitwayo Milima ya Livingstone, ambayo hushuka kama ukuta mpaka majini. Chini ya ukuta huo, penye vijichanga vyembamba, viko vijiji. Nyuma yao ni mlima, mbele yao ni maji. Njia ya miguu ni nyembamba na ya taabu. Tangu zamani barabara yao kuu ni ziwa. Vijiji hivyo havikuzungukwa na maji, lakini watu wake huishi kama watu wa visiwani. Basi hivyo ndivyo visiwa vyetu.

Tuseme kwamba darasa letu limepanga safari hiyo. Tutashuka toka Tukuyu mpaka Matema, katika wilaya ya Kyela, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Rungwe, nasi tutalala huko. Tutaondoka alfajiri, kwa sababu mara nyingi wakati wa asubuhi maji hutulia kuliko adhuhuri. Tutamkuta nahodha pwani, nasi tutamwamkia, "Shikamoo, baba." Naye akiisha kuitikia hatatazama nguo zetu wala mizigo yetu, atatazama mbingu, kisha maji, ndipo atuhesabu.

Mtumbwi huchongwa kwa gogo moja la mti. Ukiwa mtupu huelea juu; kila mtu aingiapo, huzama kidogo. Nahodha huangalia ubao ule ulio kati ya uso wa maji na ukingo wa chombo. Ukibaki mdogo mno, hata wimbi dogo huingia ndani. Maji yaliyoingia huongeza uzito, na uzito huo huukaribisha ukingo kwa wimbi la pili. Kwa hiyo nahodha mwema hukataa abiria mmoja zaidi, ijapokuwa angelipwa nauli yake. Tutakaa chini, si kusimama, kwa maana mtumbwi hupinduka upesi uzito ukiwa juu. Na kila mmoja atavaa jaketi la kuokolea kabla ya mtumbwi kuondoka, wala si baada ya hatari kutokea.

Kituo cha kwanza ni Lyulilo, karibu na Matema. Siku ya Jumamosi huko kuna soko, na bidhaa yake yenye sifa ni vyungu. Utaviona vimepangwa mchangani, vikubwa kwa vidogo, na watu wamekuja toka nchi ya juu kununua. Baadaye hupakiwa katika motokaa, vikapelekwa Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Huenda chungu kilichoko jikoni kwa mama yako kimepita katika mchanga huo.

Toka Lyulilo twafuata pwani, mlima ukiwa karibu nasi upande mmoja, mpaka Ikombe, kijiji cha Wakisi. Hapo ndipo vyungu hivyo hutoka. Wafinyanzi ni wanawake. Huuponda udongo na kuukanda, huufinyanga kwa mikono, hulainisha ubavu wa chungu na kukipamba, kisha hukianika mpaka kikauke vema. Mwisho huvichoma vyungu vingi pamoja kwa kuni na majani. Kazi hiyo binti hujifunza kwa mama yake, naye mama alijifunza kwa bibi. Vikiisha kupoa, hupakiwa mtumbwini taratibu, na hapo mwenye mzigo huomba upepo utulie kuliko abiria ye yote. Kwa kuwa wimbi moja laweza kuvunja kazi ya majuma mengi.

Kwa nini Wakisi wamekuwa wafinyanzi hodari hivi? Tazama nyuma ya kijiji, utapata jibu. Mlima umesimama, mahali pa kulima ni padogo. Watu wenye shamba dogo sharti wapate chakula kwa njia nyingine. Wakisi walivua samaki na kufinyanga vyungu, wakavibadilisha na Wanyakyusa kwa nafaka na ndizi. Nao Wakinga wakaao juu ya milima hiyo walikuwa wafua chuma, wakaleta majembe. Hivyo kila nchi ilitoa ilicho nacho, ikapata ilichokosa.

Basi sasa ni saa sita, na njaa yatuuma. Tumekuja na chakula chetu, kwa maana si adabu kwenda watu wengi katika kijiji chenye mashamba madogo na kutegemea akiba ya wenyeji. Mafiga matatu yamewekwa mchangani, na moto umewaka. Mchele umetoka katika bonde la Kyela, mahali penye joto na maji mengi. Ndizi zimetoka Rungwe, katika ubaridi wetu. Samaki ni mbasa, tuliyemnunua kwa mvuvi hapa hapa. Na chungu kinachopikiwa ni cha Ikombe. Tazama mlo huu mmoja: umetoka juu, katikati na chini ya nchi yetu, na sehemu yake kubwa imeletwa kwa mtumbwi. Mtu wa Tukuyu hununua ndizi mlangoni pake asifikiri neno; lakini kwa mtu wa Ikombe, ndizi ni safari. Ziwa likichafuka siku nyingi, bei yake huijua tumboni.

Tunapokula, huenda tukaona mbali juu ya maji kitu kama moshi mweusi, kimesimama kirefu kama mnara. Si moshi wa meli. Ni vijidudu vyenye mabawa, maelfu kwa maelfu, vitokavyo majini na kuruka pamoja. Wako watu wa pwani za ziwa hili ambao huvikusanya, wakavikanda na kuvipika kama mkate. Kweli, maji ya Nyasa hulisha watu kwa njia nyingi.

Tumeshiba, sasa twataka kurudi. Lakini nahodha amekaa kitako, hatengenezi kafi. Mmoja wetu amwambia, "Baba, hapa maji yametulia. Mbona hatuondoki?"

Nahodha amjibu, "Mwanangu, hapa tumekingwa na mlima. Tazama kule penye rasi. Waona mistari myeupe?"

"Naiona, baba."

"Ile ni mawimbi yanayovunjika. Upepo umeamka huko nje. Tukae kwanza."

Je, nahodha ni mwoga? La, ni mwenye maarifa. Katika Ziwa Nyasa kuna upepo utokao kusini na mashariki uitwao mwera, nao huvuma kwa nguvu hasa katika miezi ya kipupwe, tangu Mei mpaka Agosti. Wimbi hukua kwa mambo matatu: nguvu ya upepo, muda wa kuvuma kwake, na urefu wa maji unayoyapita. Sisi tuko katika ncha ya kaskazini. Upepo utokao kusini umekwisha kupita juu ya maji matupu mamia ya kilometa kabla ya kutufikia. Wimbi lililoanza dogo huko mbali hufika Matema limekomaa. Tena hatari kubwa haiko katikati tu. Iko mwisho, pale mtumbwi unapotaka kupanda mchangani, na wimbi linauinua kwa nyuma na kuugeuza ubavu.

Usiseme pia kwamba mambo hayo ni ya mitumbwi tu. Tarehe 30 Julai 1946, meli mpya iliyoitwa Vipya ilipatwa na dhoruba kaskazini mwa ziwa, upande wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Meli ile ilizama, na watu 145 wakafa. Ilikuwa ya chuma, yenye injini na mabaharia; lakini ziwa halikuuliza imejengwa kwa nini. Na miaka mingi kabla yake, mwaka 1895, Askofu Chauncy Maples, akiwa katika safari ya kwenda Likoma, alikufa maji baada ya mashua yake kupinduka katika dhoruba. Hakuwa mgeni, alilijua ziwa hilo kwa miaka mingi. Cheo hakimzuii mtu kuzama, wala mazoea hayamzuii.

Siku hizi watu wa pwani wana msaada ambao wazee hawakuwa nao. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza habari za upepo na mawimbi ya maziwa yetu. Meli ya MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, huweza kuchukua abiria 200 na mizigo tani 200. Lakini vijiji vidogo bado vyategemea mtumbwi, na mtumbwi wategemea akili ya aliyeshika kafi. Wahenga walisema, "Kawia ufike." Walisema pia, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Anayelipa nauli amenunua nafasi ya kukaa, hakununua amri juu ya upepo.

Basi tutangoja. Ikiwa upepo utalegea kabla ya jua kushuka, tutarudi Matema, nahodha akichagua wimbi la kupanda nalo mchangani, nasi tukiwa tumekaa kimya. Usipolegea, tutaomba mahali pa kulala Ikombe, na mama zetu watatusubiri mpaka kesho. Kusubiriwa siku moja ni taabu ndogo. Wako waliosubiriwa tangu mwaka 1946, wala hawakurudi.

MASWALI

1. Mvua inyeshayo Tukuyu hufikaje Bahari ya Hindi? Taja mito na ziwa kwa taratibu yake.
2. Kwa nini mwandishi aviita vijiji vya chini ya Milima ya Livingstone visiwa?
3. Eleza kazi ya kufinyanga chungu tangu udongo mpaka soko.
4. Kwa nini upepo wa kusini huleta mawimbi makubwa zaidi katika ncha ya kaskazini?
5. Chagua mlo mmoja uliokula nyumbani juma hili. Kila kitu kilichokuwamo kilitoka wapi, na kililetwa kwa njia gani?
6. Tuseme wewe u nahodha, na mtu mwenye haraka amekuja na nauli maradufu, lakini mtumbwi umekwisha kujaa. Utamwambiaje?