SOMO LA USHONAJI: Kukata Viraka kwa Kisu cha Gurudumu na Rula Yenye Mianya



Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 tunasoma habari za Tabitha wa Yafa, na wajane waliomwonyesha Petro nguo alizowashonea. Vikundi vya akina mama tunavyofanya navyo kazi vinaendeleza huduma ya namna hiyo kwa kushona mifarishi ya viraka, yaani matandiko yanayoungwa kwa vipande vya vitenge na kujazwa pamba au blanketi kuukuu katikati. Katika toleo hili tunajifunza hatua inayotangulia cherehani, nayo ni kukata.

Kwa nini kukata ni jambo kubwa?

Tuchukue mfarishi wa inchi 60 kwa 80. Tukitumia viraka vinavyobaki inchi 2 baada ya kushonwa, upana wa inchi 60 unahitaji viraka 30. Kila kiraka kikipungua milimita 3 tu, safu nzima itapungua sentimita 9. Safu inayofuata ikikatwa na mama mwingine, itapungua kwa kipimo kingine. Mishono haitakutana na kitambaa kitavimba katikati. Mteja hataona bidii ya wiki tatu. Ataona matandiko yaliyopinda, naye ataomba kupunguziwa bei.

Vifaa vinavyohitajika

1. Kisu cha gurudumu. Wembe wake ni wa duara na huviringika juu ya kitambaa. Kampuni ya Olfa ya Japani ilikitoa mwaka 1979. Nyembe za kawaida ni za milimita 28, 45 na 60. Ya 45 inatosha kwa kazi nyingi.

2. Rula yenye mianya. Hii ni rula pana ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, yenye mianya iliyopangwa kwa vipimo, mara nyingi kila nusu inchi. Wembe hupita ndani ya mwanya.

3. Mkeka maalumu wa kukatia. Bila mkeka, wembe huisha makali na meza huharibika.

Mkasi huinua kitambaa kila unapokata, na tabaka za chini husogea. Kwa kisu cha gurudumu kitambaa hubaki kimelala. Kwa rula ya kawaida, hata hivyo, unalazimika kuisogeza kwa kila mstari, na kila kusogeza ni nafasi ya kukosea. Rula yenye mianya huwekwa mara moja, ikakata mistari kadhaa.

Namna ya kukata

1. Fua kitambaa ili kisiruke wala kuchuja rangi baadaye, kisha kipige pasi.

2. Kunja kitenge ukingo kwa ukingo, kisha kikunje tena. Kitenge cha upana wa inchi 45 kitabaki kama inchi 11, ambazo zinaenea kwenye mwanya wa inchi 12. Fuata nyuzi za kitambaa, usifuate maua, kwa sababu maua huweza kuchapwa yakiwa yamepinda.

3. Weka rula juu yake na uibane kwa vidole vilivyotawanyika, mbali na mwanya unaokata.

4. Kata kwenye mwanya wa 0 ili kunyoosha ukingo. Kisha kata kwenye 2½, 5, 7½ na 10. Umepata mistari 4 ya inchi 2½. Mshono wa robo inchi kila upande ukishatolewa, zitabaki inchi 2.

5. Sukuma kisu kwenda mbele, kamwe usikivute kuelekea tumboni. Mwanya ni mpana kidogo kuliko wembe, hivyo egemeza wembe upande uleule kila mara.

6. Inua rula bila kuvuruga mistari, igeuze ikatishe mistari hiyo, ukate tena. Sasa una viraka vya mraba.

7. Funika wembe kila unapoweka kisu chini, hata kama ni kwa dakika moja.

Kosa letu wenyewe

Tulipogawa visu kwa mara ya kwanza, hatukupeleka nyembe za akiba, wala hatukukaa na akina mama kuwafundisha. Baada ya muda nyembe zilibutuka na kuanza kuruka nyuzi. Mama mmoja alikandamiza kwa nguvu zaidi, rula ikateleza, naye akakatwa kidole na kushonwa zahanati. Kikundi kilirudia mkasi, na visu vikafungiwa kabatini. Hatuwezi kuwalaumu. Tulitoa kifaa, hatukutoa mradi.

Ombi kwa kamati na wahisani

Mhisani anayetaka kutoa kisu, tunamwomba atoe pamoja nacho mkeka, rula na nyembe za akiba. Kamati nayo itenge sehemu ya mauzo ya kila mfarishi kwa ajili ya nyembe mpya, ili kikundi kisisubiri mzigo kutoka nje. Nyembe zilizokwisha zihifadhiwe kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na watoto.

Maswali ya kujadili

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayetunza visu na kuhesabu nyembe?

2. Wembe mpya unapatikana duka gani la karibu, na kwa bei gani? Kama haupatikani, je, tuanze na mkasi na kiolezo cha kadibodi ngumu?

3. Je, kuna vifaa vya msaada vilivyofungiwa kabatini parokiani kwetu? Vilikwama kwa sababu gani?

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote. Tunawaomba mlijibu kwa ukweli, kama nasi tulivyolazimika kufanya. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.