Mama Atakaa na Nani?

Somo: Yohana 19:26-27

Yesu akiwa msalabani alimkabidhi mamake kwa Yohana. Angalia vizuri: alimwambia mama mwenyewe, tena akachagua mtu mmoja. Hakuwaachia wote waliosimama pale.

Basi mkiona nyumba ya wazee ndiyo njia, ongeeni na mzazi kwanza. Msimpakie kwa gari mkisema mnampeleka kliniki! Halafu fikeni huko jioni bila kutangaza. Ulizeni usiku anabaki nani, na wazee wangapi. Dawa anapeana nani. Hayo yana uzito kuliko bustani nzuri. Ada nayo iandikwe kwa majina, si "tutachanga" (zile 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi hazitatosha). Kisha pangeni zamu ya kumtembelea. Aliye karibu aanze Jumapili, baada ya ibada.