Nundu si Tangi: Ngamia na Maisha ya Nchi Kavu

Mamalia aishiye nchi kavu ana tatizo asilolijua samaki wa mtoni: mwili wake hupoteza maji kila saa kwa pumzi, jasho, mkojo na kinyesi. Makala hii inachunguza namna ngamia wa nundu moja, afugwaye na Warendile, Wagabra na Wasomali wa kaskazini mwa Kenya, anavyolikabili tatizo hilo.

Ni vyema kwanza kuiondoa dhana iliyoenea, hata madarasani, kwamba nundu ni tangi la maji. Nundu ni akiba ya mafuta. Ni kweli kuwa mafuta yakitumiwa mwilini hutoa maji. Lakini kuyatumia kunahitaji oksijeni, na kuivuta hewa kavu ya jangwani huweza kupoteza maji mengi kuliko yale yanayopatikana. Faida ya nundu iko kwingine. Mafuta yakikusanyika mgongoni, sehemu nyingine za mwili hazifunikwi nayo, na joto hupata njia ya kutokea.

Jambo kubwa zaidi ni joto lenyewe. Binadamu akipanda nyuzi 2 tu huhesabiwa mgonjwa. Ngamia aliyekosa maji, kama alivyoonyesha Knut Schmidt-Nielsen katika Sahara ya Algeria miaka ya 1950, huamka na nyuzi 34 hivi, kisha huuacha mwili upate joto hadi nyuzi 40 ifikapo alasiri. Joto hilo hulitoa usiku kwenye baridi, pasi na kumwaga jasho. Pua nazo hunasa unyevu wa pumzi, na figo hubana mkojo. (Kope ndefu na nyayo pana zimekwisha kusifiwa vya kutosha.)

Ngamia aweza kupoteza robo ya uzito wake angali anatembea. Afikapo kisimani hunywa zaidi ya lita 100 kwa dakika chache. Chembe zake nyekundu za damu, zenye umbo la yai, hutanuka bila kupasuka.

Mvua zilipokosekana misimu 5 mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, ng'ombe walikufa kwa wingi Marsabit na Samburu. Ngamia nao waliumia; ila jike aliyekaa siku kadhaa bila maji huendelea kutoa maziwa. Ndiyo sababu baadhi ya Wasamburu, waliojulikana tangu jadi kwa ng'ombe, sasa wanafuga ngamia.